Warumi Waliovuliwa Jina Lao

Mabibi na mabwana, wazee wangu, na nyinyi vijana mliobanana kule nyuma, ahsanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie Bizanti. Karibu kila aliyemo humu ukumbini anawajua watu hawa tangu utotoni, ila aliwajua kwa jina jingine. Aliyepita chuoni anaijua Sura ya 30 ya Qur'ani, Suratu Rum: Warumi wameshindwa katika nchi iliyo karibu, nao baada ya kushindwa huko watashinda, katika miaka michache. Na aliyependa tenzi amewahi kusikia habari za Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Mwengo wa Athumani mwaka 1728, ambao jina lake jingine ni Chuo cha Herekali. Warumi wa sura ile na Herekali wa utenzi ule ndio hao hao ambao vitabu vya historia vinawaita Wabizanti.

Herekali ni Heraclius, kaisari aliyetawala Konstantinopoli, ndiyo Istanbul ya leo, kuanzia mwaka 610 hadi 641. Waajemi walimnyang'anya Dameski mwaka 613, wakachukua Yerusalemu mwaka 614, wakaendelea hadi Misri. Mwaka 622 akaanza kujibu mapigo, na kufika 628 Waajemi ndio waliokuwa wakitafuta suluhu. Sasa tazameni: watu wa Makka, waliokuwa wakizifuatilia habari za vita vile kutoka mbali, hawakuwa na shaka juu ya jina. Walisema Rum. Hawakusema Wagiriki, ingawa Kigiriki ndicho kilichosikika kwenye makao ya kaisari. Wala hawakusema Wabizanti, kwa sababu hapakuwa na mtu duniani aliyelitumia neno hilo kwa maana hiyo. Lilipata maana hiyo miaka zaidi ya mia tisa baadaye, huko Ujerumani, wakati dola yenyewe imeshazikwa.

Jambo langu jioni ya leo ni moja. Dola hii ilijiita ya Warumi, na raia wake walijiita Warumi. Jina hilo halikuwapotea kwa kusahauliwa. Walivuliwa, na waliowavua walikuwa na sababu zao, ambazo tunaweza kuzitaja.

Najua pingamizi linalokuja. Mtu atauliza: Mrumi si mtu wa Roma, mwenye kusema Kilatini? Iweje watu wanaosema Kigiriki, kwenye mji ulio mlangoni mwa Asia, wawe Warumi? Wasomaji wa Biblia wanalo jibu, ila pengine hawajawahi kulitumia hivi. Fungueni Matendo ya Mitume sura ya 22. Paulo ni Myahudi, mzaliwa wa Tarso, anaandika barua zake kwa Kigiriki. Amekwisha kufungwa kamba achapwe mijeledi, ndipo anauliza kama ni halali kumpiga Mrumi ambaye hajahukumiwa. Mkuu wa kikosi anakuja mbio. Anakiri kwamba yeye mwenyewe aliununua uraia huo kwa mali nyingi, na Paulo anamjibu kwamba yeye amezaliwa nao. Hapo hakuna aliyemuuliza anaota kwa lugha gani, wala babu yake alitoka wapi. Urumi ulikuwa uraia, na uraia huo ulimwokoa mgongo.

Mwaka 212 kaisari Caracalla akaupanua uraia huo kwa karibu watu wote huru wa milki. Tangu hapo mkulima wa Misri, wa Shamu au wa Kapadokia akawa Mrumi kisheria, sawasawa na aliyezaliwa kando ya mto Tiber. Constantine alipouzindua mji wake tarehe 11 Mei 330, palipokuwa na mji mkongwe wa Wagiriki uitwao Byzantion, watu wa mashariki walikuwa wameshakuwa Warumi kwa vizazi vinne au vitano. Mji ukaitwa Roma Mpya, na kwa mdomo wa watu ukawa mji wa Constantine, Konstantinopoli. Hakuna aliyeanzisha dola nyingine. Kaisari alihamia upande uliokuwa na fedha, nafaka na maadui wengi zaidi.

Halafu kuna huu mwaka 476, ambao wanafunzi hukaririshwa kwamba ndio Dola ya Roma ilipoanguka. Kilichotokea ni kwamba jemadari Odoacer alimwondoa kijana aliyeitwa Romulus Augustulus kwenye kiti cha magharibi, na mavazi na alama za ukaisari zikafungashwa zikapelekwa Konstantinopoli kwa kaisari Zeno, pamoja na ujumbe kwamba kaisari mmoja anatosha. Nawauliza: kama dola ilikuwa imeanguka, alama zake zilipelekwa kwa nani?

Lugha nayo tuimalize upesi. Kilatini kilikuwa cha jeshi na mahakama, na mashariki kilififia polepole. Justinian, aliyekusanya sheria za Kirumi katika karne ya 6, alizikusanya kwa Kilatini. Lakini alipotunga sheria mpya nyingi alizitoa kwa Kigiriki, na katika mojawapo ameeleza kwa nini: Kilatini ni lugha ya baba zetu, ila sheria hii iandikwe kwa Kigiriki ambacho wote wanakielewa. Hilo ni neno la mtawala anayetaka kueleweka. Mtu anaweza kubadili lugha ya nyumbani na bado akabaki na sheria zile zile, kodi zile zile na kaisari yule yule.

Wenyewe walijiita Romaioi, Warumi. Dola waliiita ya Warumi, na nchi, kwa lugha ya kila siku, waliiita Romania, jina ambalo tunalikuta tangu karne ya 4. Msilichanganye na taifa la leo lenye jina hilo. Waajemi, Waarabu, Waarmenia na Waturuki, kila mmoja kwa matamshi yake, waliwaita Warumi. Hata Fulin, jina ambalo Wachina walitumia kwa nchi hiyo, wataalamu wengi wanaona limepita kwenye ndimi za Kiirani kutoka Rum.

Yupo shahidi mmoja ninayempenda, kwa sababu biashara yake ilimleta karibu na bahari yetu. Ni mfanyabiashara wa Aleksandria wa karne ya 6 anayejulikana kama Cosmas Indicopleustes. Alifika Adulis, bandari ya wafalme wa Aksum kwenye Bahari ya Shamu, na katika kitabu chake anaitaja Zingion, upande wa bahari ambao mabaharia waliogopa kuuingia sana, na jina hilo ni ndugu wa Zanji mnayoijua. Cosmas ana hadithi ya mfanyabiashara mwenzake, Sopatros, aliyejikuta mbele ya mfalme wa Sri Lanka pamoja na Mwajemi. Mfalme akauliza ni nani kati ya wafalme wao aliye mkubwa. Mwajemi akajisifu mpaka mate yakamkauka. Sopatros akanyamaza, kisha akasema: wafalme wote wawili wako hapa, watazame mwenyewe. Akamaanisha sarafu. Ya Mrumi ilikuwa dhahabu safi inayong'aa. Ya Mwajemi ilikuwa fedha. Hadithi hiyo huenda imetiwa chumvi, wafanyabiashara ni wafanyabiashara, lakini angalieni anavyojihesabu. Ni mtu wa Misri, anaandika Kigiriki, na fahari yake ni kwamba sarafu ya Warumi inapokelewa kutoka upande mmoja wa dunia hadi mwingine.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe.

Siku ya Krismasi ya mwaka 800, mjini Roma, Papa Leo III alimvika Charlemagne, mfalme wa Wafaranki, taji la kaisari wa Warumi. Wakati huo Konstantinopoli ilitawaliwa na mwanamke, Irene, aliyekuwa amemng'oa macho mwanawe mwenyewe na kukalia kiti. Magharibi wakasema: mwanamke hawezi kuwa kaisari, kwa hiyo kiti ki wazi. Hoja ilikuwa nyepesi, ila iliwafaa. Baada ya mivutano, mwaka 812 wajumbe wa kaisari Michael I walikwenda Aachen wakamkubali Charlemagne kuwa kaisari. Kaisari tu, kaisari wa Warumi hawakumwita. Na ni wakati huo huo sarafu za Konstantinopoli zinaanza kuandikwa wazi "kaisari wa Warumi". Kabla ya hapo hapakuwa na haja. Mtu haandiki jina lake mlangoni mpaka mwingine aanze kudai nyumba.

Kuanzia hapo magharibi walianza kuwaita Wagiriki, na kwa makusudi. Mwaka 865 Papa Nicholas I, akijibu barua ya kaisari Michael III aliyekikejeli Kilatini kuwa lugha ya kishenzi, alimwambia basi aache kujiita kaisari wa Warumi, kwa kuwa lugha ya Warumi haijui. Hoja ya lugha, ambayo hata leo mtaisikia, ilizaliwa hapo, katikati ya matusi ya watu wawili waliogombania nani ana kauli juu ya makanisa ya Balkani na nani ni Patriaki halali, yaani mkuu wa kanisa la Konstantinopoli.

Lakini kisa kilicho bora kuliko vyote ni cha mwaka 968, na hapa nitakaa kidogo.

Otto I, mfalme wa Wajerumani, alikuwa amevikwa taji la kaisari mjini Roma mwaka 962. Alitaka mwanawe amwoe binti wa nyumba ya kifalme ya Konstantinopoli, maana ndoa kama hiyo ingelithibitisha taji lake. Akamtuma Liutprand, askofu wa Cremona huko Italia, aliyekuwa anajua Kigiriki na amewahi kufika Konstantinopoli zamani. Kaisari wakati huo ni Nikephoros Phokas, askari wa kikweli, aliyetoka kuiteka Krete na Tarso. Liutprand alifika mwezi wa Juni, akawekwa kwenye nyumba ya mawe isiyozuia joto wala mvua, maji hakuna, akapewa divai iliyochanganywa na utomvu wa msonobari, na akaandika ripoti ya safari ambayo ni mojawapo ya malalamiko matamu zaidi yaliyobaki kutoka enzi hizo. Kila kitu kinamchukiza. Chakula kina mafuta. Kaisari ana kichwa kikubwa na macho madogo kama ya fuko. Mimi siiamini nusu ya anayosema, ila ninaiamini hasira yake.

Mezani, Nikephoros alimwambia: nyinyi si Warumi, nyinyi ni Walombardi. Walombardi ni kabila la Kijerumani lililowahi kuiteka Italia. Liutprand akachemka. Akajibu kwamba Walombardi, Wasaksoni na Wafaranki wanawadharau Warumi kiasi kwamba wakitaka kumtukana adui kwa tusi lililo kubwa kuliko yote humwita "Mrumi", wakikusanya ndani ya neno hilo woga, tamaa, uongo na kila uovu. Hebu fikirini. Mtu huyu ametumwa na bwana anayejiita kaisari wa Warumi, kuja kudai heshima inayotokana na jina hilo, na anasema mezani kwamba jina hilo ni tusi.

Yakaja mabaya zaidi. Mwezi wa Agosti walifika wajumbe wa Papa na barua. Barua ilimtaja Otto kuwa kaisari mtukufu wa Warumi, na Nikephoros kuwa kaisari wa Wagiriki. Watu wa ikulu wakawaka moto. Wajumbe, maskini hawa waliobeba bahasha tu, wakatupwa gerezani, na wakubwa wakajadiliana kama wachapwe, wanyolewe nywele au wazamishwe baharini. Wakasema kwa uchungu kwamba waliobeba barua ni wanyonge mno kustahili adhabu inayolingana na kosa. Liutprand akaitwa ajieleze. Na udhuru alioutoa ni kito: Papa, alisema, hakukusudia kumtukana mtu, aliona kwamba mmebadili lugha, mila na mavazi, akadhani hata jina la Warumi mmeshalichoka.

Otto aliitaka Roma na kusini mwa Italia, ambako kaisari wa mashariki bado alikuwa na majimbo. Kama Nikephoros ni Mrumi, basi Otto ni mnyang'anyi. Kama Nikephoros ni Mgiriki, basi yeye ndiye mgeni aliyekalia ardhi ya Italia. Neno moja liliamua ardhi ni ya nani, na ndiyo sababu watu walikuwa tayari kufungana gerezani kwa ajili yake. Ndoa ilikuja kupatikana miaka minne baadaye, mwaka 972, chini ya kaisari mwingine, na bibi harusi akiwa Theophano, aliyekwenda Ujerumani akatawala huko kwa niaba ya mwanawe mdogo. Liutprand mwenyewe aliporudi, forodhani walimnyang'anya vitambaa vya hariri ya zambarau alivyokuwa amenunua, wakimwambia hariri hiyo haiwafai watu wa mataifa mengine. Hilo lilimuuma kuliko yote.

Upande wa pili wa dunia ile, Baghdad, mambo yalikwenda kinyume kabisa. Wasomi wa Kiarabu wa karne ya 9 walikuwa wanafasiri vitabu vya Aristotle, Galen na Ptolemy, na wakajiuliza: hekima hii si ya Warumi, maadui wetu? Al-Jahiz wa Basra, mwandishi yule yule aliyeandika risala ya kuwatetea Wazanji na watu weusi, ana jibu kali. Anasema Aristotle hakuwa Mrumi wala Mkristo. Alikuwa Myunani, wa umma uliokwisha kupita. Warumi wamevirithi vitabu kwa ujirani tu, wakajisifu navyo. Al-Mas'udi, msafiri aliyefika Qanbalu kwenye pwani yetu, kisiwa ambacho wengi wanakihusisha na Pemba, naye anaona kwamba kwa Warumi hekima ya Wayunani ilizimika.

Mnaona jinsi watu walivyogawana nguo za huyu Mrumi wa Konstantinopoli? Magharibi walisema: nyinyi ni Wagiriki, si Warumi, kwa sababu walikitaka kiti cha Roma. Baghdad walisema: nyinyi ni Warumi, si Wagiriki, kwa sababu waliitaka hekima ya Wagiriki. Kila mmoja alimwachia kile ambacho yeye hakukihitaji.

Mwaka 1204 ukaja kuweka wazi unafiki wote. Jeshi la Vita vya Msalaba, lililoondoka Venisi likidai linakwenda kupigana na Waislamu, likauvamia Konstantinopoli mwezi wa Aprili, likaupora. Wakamtawaza mtu wao, Baldwin wa Flanders. Na dola waliyoianzisha waliiitaje? Ya Romania. Mtawala wa Venisi akajipa cheo cha bwana wa robo na nusu ya robo ya milki yote ya Romania, hesabu ya dalali kabisa. Kumbe nchi ilikuwa ya Warumi siku zote. Ila wenyeji wakiwa nayo ni Wagiriki, na wageni wakiichukua inarudi kuwa Romania. Wenyewe walikimbilia Nikea na kwingineko, na mwezi wa Julai 1261 wakaurudia mji wao.

Nisiwe mwepesi wa kuwatetea, maana hata wao wenyewe hawakuwa na msimamo mmoja siku zote. Baada ya kipigo cha 1204, baadhi ya wasomi wa Nikea walianza kujivunia asili ya Kihelleni, kwa Kiswahili cha leo tungesema ya Kigiriki. Hilo lilikuwa geni, kwa sababu kwa karne nyingi neno Hellen kwa Mkristo lilimaanisha mpagani, mwenye kuabudu sanamu. Karibu na mwaka 1418 mwanafalsafa Gemistos Plethon alimwandikia kaisari Manuel II kwamba sisi ni Wahelleni kwa asili, kama lugha na elimu yetu inavyoshuhudia. Plethon alikuwa mtu wa pekee. Inasemekana moyoni alikuwa amerudi kwa miungu ya kale, na kitabu chake cha mwisho kilichomwa moto. Aliyekichoma ni Gennadios Scholarios, Patriaki wa kwanza baada ya Waturuki kuuteka mji. Scholarios naye ameandika kwamba ingawa anasema Kigiriki, hatajiita Mhelleni, kwa sababu haamini waliyoyaamini Wahelleni. Akiulizwa yeye ni nani, atajibu kuwa ni Mkristo. Basi hapo mnao watu wawili, wa lugha moja, waliojuana, na kila mmoja ana jibu lake. Wengi wa kawaida, katikati yao, waliendelea kuwa Warumi.

Tarehe 29 Mei 1453 Mehmed II akauteka mji. Yeye naye hakutaka kuua jina, alitaka kulivaa. Akajiita Kaisari wa Rum. Waturuki walikuwa wamelizoea zamani: Waseljuki waliotawala Konya walikuwa masultani wa Rum, na ndiyo maana mshairi Jalal ad-Din, mzaliwa wa mbali huko mashariki, anajulikana dunia nzima kwa jina la Rumi. Alikaa nchi ya Warumi. Mji wa Erzurum unalo jina hilo ndani yake hadi leo. Na Wakristo wa Orthodoksi chini ya Waosmani, dola ya ukoo wa Mehmed, waliandikwa Rum kwenye daftari za serikali.

Basi hili "Bizanti" lilitoka wapi? Mara nyingi anatajwa Hieronymus Wolf, aliyekuwa mkutubi wa akina Fugger, matajiri wa Augsburg, ambaye mwaka 1557 alianza kuchapisha waandishi wa historia wa Konstantinopoli. Alihitaji neno la kutofautisha waandishi hao na Wagiriki wa kale na Warumi wa Kilatini, akalifufua jina la mji wa zamani. Mwaka 1648, Paris, ukaanza mfululizo mkubwa wa vitabu kwa fedha za ufalme wa Ufaransa, nao ukabeba jina hilo hilo. Lakini msiamini kwamba Wolf aligeuza kila kitu kwa siku moja. Kwa miaka mia mbili na zaidi baada yake, wasomi wengi wa Ulaya waliendelea kusema "dola ya Wagiriki", na Edward Gibbon, mwishoni mwa karne ya 18, aliisimulia historia yote mpaka 1453 kuwa ni anguko la Dola ya Roma. Aliwadharau, na mara nyingi aliwaita Wagiriki, lakini ndani ya historia ya Roma aliwaacha.

"Bizanti" lilishika kwelikweli katika karne ya 19. Profesa Anthony Kaldellis amelieleza hili vizuri, nami ninakubaliana naye. Ugiriki ilipopata uhuru wake, wanasiasa wake walianza kuota ndoto ya kuirudisha Konstantinopoli; mwaka 1844 Ioannis Kolettis aliisema ndoto hiyo bungeni. Nyuma yao ilisimama Urusi ya Orthodoksi. Kisha vikaja Vita vya Krimea, 1853 hadi 1856, Uingereza na Ufaransa zikipigana na Urusi kuwalinda Waosmani. Katika hali hiyo, kuiita dola ya zamani "ya Wagiriki" ilikuwa kama kuwapa Wagiriki hati ya nyumba. Kuiita "ya Warumi" haikuwezekana, kwa sababu Ulaya Magharibi ilikuwa imejimilikisha Roma tangu Charlemagne. Likahitajika neno lisilo la mtu yeyote aliye hai. Bizanti lilifaa sana.

Kwa wenyewe, neno Mbizanti lilikuwepo, ila lilimaanisha mkazi wa ule mji mkuu basi. Kumwita mkulima wa Kapadokia Mbizanti ni sawa na kumwita mvuvi wa Kilwa Mdodoma.

Kuna ubishi wa kisomi ambao siwezi kuuruka. Ioannis Stouraitis na wenziwe wanasema: haya ya Urumi ni ya ikulu na waandishi wake, mkulima wa kawaida alijali kijiji chake na kanisa lake. Kaldellis anasema hapana, Warumi walikuwa watu, kabila kubwa lenye lugha, dini na mila, na hata walijua nani si Mrumi miongoni mwa raia wao: Mwarmenia, Mslavi, Mbulgaria. Kaisari Constantine VII, katika karne ya 10, aliandika usia kwa mwanawe akimlaumu Romanos Lekapenos, baba mkwe wake mwenyewe, kwa kumwoza mjukuu wake kwa mfalme wa Wabulgaria mwaka 927. Kila taifa lioe kwa watu wa damu na desturi zake, anasema. Ni maneno ya ikulu, ndiyo, na Constantine alikuwa na kinyongo na mkwewe. Lakini mimi kinachonishawishi zaidi ni yaliyotokea baadaye. Kama Urumi ulikuwa koti la wakubwa tu, ungekufa pamoja na wakubwa mwaka 1453. Haukufa. Kwa miaka mia nne na zaidi, bila kaisari, bila jeshi, bila seneti, wakulima na wavuvi wasemao Kigiriki waliendelea kujiita Warumi, na lugha yao wakaiita ya Kirumi.

Mwanahistoria Peter Charanis, mzaliwa wa kisiwa cha Lemnos, alisimulia alichokumbuka tangu utoto. Mwaka 1912 jeshi la Ugiriki lilitua kisiwani hapo na kukichukua kutoka kwa Waosmani. Watoto wakakimbia kwenda kuwaangalia askari. Askari mmoja akawauliza: mnatazama nini? Wakajibu: tunatazama Wahelleni. Kwani nyinyi si Wahelleni? La, wakasema, sisi ni Warumi.

Watoto wale hawakuwa wamesoma Justinian. Jina walilipata kwa mama zao.

Na bado lipo. Istanbul, Mgiriki mwenyeji wa mji huitwa Rum, na yule wa Athens huitwa Yunan. Kwa Mturuki hao ni watu wawili tofauti. Wakristo wa Antiokia, Syria na Lebanoni, wanaosema Kiarabu nyumbani, kanisa lao ni la Rum Orthodoksi. Na milimani nyuma ya Trabzon wapo Waislamu wanaozungumza aina ya Kigiriki ambayo wenyewe wanaiita Romeyka.

Mimi ninapoandika ninasema Warumi, au Warumi wa Mashariki pale ambapo msomaji angeweza kupotea. "Bizanti" ninaliacha kwenye anwani ya kozi, kwa sababu mwanafunzi akienda maktaba ndilo litakalompatia vitabu. Wenzangu wengine wanaona huko ni kusumbuka bure, kwamba jina lililozoeleka liachwe. Tunabishana, na hatujamaliza.

Nimezungumza vya kutosha. Dada pale mbele amenyoosha mkono tangu nilipofika kwa Liutprand na hariri zake. Karibu, uliza.